Mnada wa Mtandaoni Usiomwonea Mdogo: Mwongozo kwa Wauzaji wa Kitui na Makueni

Mwongozo huu ni wa kikundi chenye kitu cha kuuza na simu moja ya kuuzia. Huenda ni akina mama wanaosuka vyondo Kathonzweni, warina asali wa Mwingi na Mutomo, au wakulima wa ndengu waliochoka kungoja lori. Nitasema zaidi na yule kijana ambaye kikundi kimemkabidhi simu hiyo na kumwambia, "Wewe unayajua mambo ya mtandao, tuuzie." Kanuni atakazoandika wiki ya kwanza zitatawala mauzo ya mwaka mzima, na mara nyingi haulizwi na mtu ameandika nini.

Ukambani tumezoea mnunuzi mmoja. Broka wa maembe anaingia Makueni na lori lake, anahesabu kwa tunda au anakadiria mti mzima, naye anajua kwamba embe lililoiva halina subira. Mnada wa mtandaoni unaahidi kuuvunja ukiritimba huo: picha moja, wanunuzi mia. Ahadi hiyo ina ukweli, lakini nusu tu. Wanunuzi wanaweza kuwa mia, na bado saa ya kufunga ikampendelea mwenye intaneti ya kasi, fedha zikakaa kwa mwenye jukwaa majuma matatu, na mzigo ukirudishwa nauli ikawa juu yako. Hapo umebadilisha broka tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jukwaa lina wateja wangapi, uliza saa inafungwaje, fedha zinakaa kwa nani, na mzigo ukirudi nani analipa. Kama mnaendesha mnada wenu wenyewe katika kundi la WhatsApp au ukurasa wa Facebook, majibu ya maswali hayo matatu ni kazi yenu kuyaandika.

Si kila kitu ni cha kunadi

eBay ilianza mwaka 1995 ikiwa nyumba ya mnada mtupu. Leo sehemu kubwa ya mauzo yake ni ya bei iliyotajwa, mteja anabonyeza na kununua. Hilo linatufundisha kitu: mnada unafaa pale ambapo bei haijulikani mapema, au ambapo kitu ni kimoja tu cha aina yake.

Kiondo cha kawaida cha mkonge, saizi ya sokoni, ambacho kikundi kinasuka kumi na viwili kila wiki, kipe bei na ukiache hapo. Ukikinadi, mteja atajifunza kungoja siku ambayo hakuna mshindani. Lakini kiondo kilichosukwa na bibi kwa mchoro ambao hakuna mwingine anayeujua, chenye mpini wa ngozi na mistari iliyotiwa rangi za mimea, hicho kinadi.

Maembe yananisumbua. Msimu wake unaanza karibu Novemba na kufika Machi, na katika kilele chake kila boma lina mzigo uleule. Mnada wa siku saba kwa tunda lililokwisha kuchumwa ni kuharakisha hasara. Anayetaka kunadi maembe ayanadi yakiwa bado mtini, kwa kilo wala si kwa tunda, tarehe ya kuvuna ikiwa imeandikwa, na mnunuzi akiwa ametoa amana. Matunda yatakayobaki yapelekwe kiwandani. Kaunti ilijenga kiwanda cha kusindika matunda pale Kalamba kwa sababu hiyo.

Ndengu na mbaazi ndizo zinazopendeza kwa mnada. Ni kavu, zinakaa, zinapimika, na mfuko wa mkulima mmoja unaweza kulinganishwa na wa mwingine. Hapa jirani zetu wa Tanzania wametutangulia. Soko la Bidhaa la Tanzania, TMX, linaendesha minada ya mtandaoni ya ufuta, mbaazi na korosho. Mkulima anapeleka mazao kwenye chama cha msingi cha ushirika, mazao yanaingia ghalani kwa stakabadhi, kisha wanunuzi wanashindana kwa wakati mmoja kwenye skrini. Mfumo huo una lawama zake, na wakulima wa Mtwara na Lindi hawaoni aibu kuzitaja. Hata hivyo, una jambo moja ambalo kikundi cha Kitui kinaweza kuliiga bila kungoja serikali: mzigo unakusanywa, unapimwa na kupangwa daraja kabla bei haijatajwa. Kenya nayo ina Sheria ya Mfumo wa Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2019, kwa hiyo msingi wa kisheria upo.

Wala msinadi kwa gorogoro. Mnunuzi aliye Eastleigh au Mombasa haijui gorogoro yenu imebonyezwa kiasi gani. Pimeni kwa kilo, kwenye mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri na ofisi ya vipimo, na picha ya mizani iwe sehemu ya tangazo. Bei ya kulinganisha mtaipata kwenye KAMIS, mfumo wa Wizara ya Kilimo unaoonyesha bei za mazao soko kwa soko.

Bei ya chini, na hesabu inayokosewa

Kila fungu linalonadiwa liwe na bei ambayo chini yake haliuzwi. Wengi wanaipanga kwa kukisia, au kwa kuangalia jirani aliuza ngapi. Ipange kwa gharama.

Chukua mfano wa kiondo. Tuseme mkonge na rangi ni shilingi 250, mpini wa ngozi 350, kazi ya siku nne kwa shilingi 300 kwa siku ni 1,200, na kifurushi hadi Nairobi 200. Jumla ni shilingi 2,000. Jukwaa linakata asilimia 10 ya bei ya mauzo. Kijana wetu anaongeza asilimia 10 na kuandika 2,200. Kiondo kikiuzwa kwa 2,200, jukwaa linachukua 220 na kikundi kinabaki na 1,980. Kila kiondo kimepoteza shilingi 20, na hakuna anayeona, kwa sababu fedha zinaingia na simu inalia. Njia sahihi ni kugawanya 2,000 kwa 0.9, ambayo inatoa karibu 2,223. Pale ada inapokuwa asilimia 15, gawanya kwa 0.85. Andikeni hesabu hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Tena tafadhali, kazi ya msusi iwe ndani ya hesabu. Nimeona orodha nyingi za gharama zenye mkonge, rangi, ngozi na nauli, halafu zile siku nne za mikono na macho haziandikwi popote, kana kwamba mwanamke alikuwa amekaa tu.

Upande mwingine, bei ya chini isigeuke ukuta. Julai 2021, chai ya viwanda vinavyosimamiwa na KTDA iliwekewa kima cha chini cha dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Wanunuzi hawakulazimishwa kununua, chai isiyouzwa ikarundikana maghalani, na hatimaye sharti hilo likaondolewa. Bei ya chini inalinda gharama yako. Haiwezi kumleta mnunuzi ambaye hayupo. Fungu likikosa mnunuzi mara mbili mfululizo, kaeni kikao: ama mkate gharama, ama mbadilishe kitu chenyewe.

Kuhusu kuificha bei ya chini, mimi siungi mkono. Makampuni makubwa yanapenda kuanza kwa shilingi moja huku kiwango halisi kikiwa kimefichwa, ili watu wasisimke. Mnunuzi anayepandisha dau mara sita kisha akaambiwa "haijafika" haji tena kwa kikundi kidogo. Anzeni mnada kwenye bei ya chini yenyewe, waziwazi.

Saa ya kufunga

Hapa ndipo dhuluma nyingi hupita bila kelele. Katika mnada wa kawaida wa mtandaoni, saa ikifika, mlango unafungwa. Mnunuzi mjanja anakaa kimya siku sita, kisha anatupa dau sekunde za mwisho, na wenzake hawana nafasi ya kujibu. Bei inafungwa chini ya ile ambayo yule wa pili alikuwa tayari kulipa. Aliyepoteza ni muuzaji.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, walilinganisha eBay, iliyofunga kwa saa isiyosogea, na minada ya Amazon ya wakati huo, ambayo haikufungwa mpaka dakika 10 zipite bila dau jipya. Madau ya dakika za mwisho yalikuwa mengi zaidi sana kwenye eBay. Saa ilipoweza kusogea, ujanja wa kuvizia ulikosa faida.

Basi andikeni hivi: dau lolote likiingia ndani ya dakika 10 za mwisho, mnada unaongezwa dakika 10. Kwetu kanuni hii ina uzito zaidi kuliko Ulaya, kwa sababu ya mtandao. Ukiwa Nuu au Endau, simu inaweza kupoteza mawimbi kwa robo saa bila mvua wala upepo. Mwenye kuendesha mnada akiwa gizani dakika ya kufunga, ugomvi hauepukiki. Muwe na makarani wawili, kila mmoja mahali pake, mmoja Mwingi mjini kwa mfano, na kanuni iseme simu ya nani ndiyo inayohesabika na nani anashika nafasi yake. Karani apige picha ya skrini kila dau linapoingia, na picha hizo zihifadhiwe mpaka mzigo umelipiwa.

Fungeni saa tatu usiku. Watu wa Nairobi wamefika nyumbani, na Wakenya walioko mashariki mwa Marekani wako katika saa zao za mchana. Kufunga saa nne asubuhi kunawafaa mabroka tu.

Madau bandia, na wanunuzi waliopatana

Kishawishi cha kwanza kitatoka ndani ya kikundi. Mtu atasema, "Mwambie binamu yako apandishe kidogo." Usikubali. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inasema wazi: muuzaji haruhusiwi kuweka dau mwenyewe au kumtuma mtu amwekee, ila kama ametangaza kabla kwamba anajihifadhia haki hiyo. Mnunuzi akigundua, anaweza kuyachukulia mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Mbali na sheria, kundi la watu mia mbili ni kijiji, binamu atajulikana.

Kishawishi cha pili kinatoka upande wa pili, na ni kibaya zaidi. Mabroka watatu wanaoingia kwenye mnada wenu wa ndengu wanaweza kuwa wamekaa pamoja Emali asubuhi na kugawana mafungu: wewe chukua la kwanza, mimi la pili, tusipandishiane. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza makubaliano ya namna hiyo, lakini kuyathibitisha ni kazi ngumu. Kuyazuia ni rahisi kidogo. Wakati mnada unaendelea, majina ya wanunuzi yafichwe na kila mmoja apewe namba. Mabroka waliopatana wanahitaji kuonana ili kujua nani amevunja agano. Makarani wapokee madau kwa ujumbe wa faragha na kutangaza kiasi na namba tu. Mafungu yasitangazwe yote mara moja kwa mpangilio unaojulikana. Kisha mnada ukiisha, bei zote zilizofikiwa ziwekwe wazi kwa wanachama wote, mwezi kwa mwezi, ili mkulima wa Tseikuru ajue yule wa Kibwezi aliuza ngapi.

Fedha

Mageuzi ya kahawa ya mwaka 2023 yalileta mfumo wa malipo ya moja kwa moja katika Soko la Kahawa la Nairobi, ukiendeshwa na Benki ya Ushirika. Hoja ilikuwa nyepesi: fedha za mauzo zisipite mikononi mwa madalali na mawakala kabla ya kumfikia mkulima. Hoja hiyo hiyo ndiyo yenu. Kila mkono unaopitiwa na fedha huongeza siku za kungoja na ada za kukatwa.

Msipokee malipo kwa namba ya kijana, hata akiwa mwaminifu kuliko wote. Sajilini kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, mfungue akaunti, mchukue namba ya till kwa jina la kikundi. Malipo yanayoingia kwenye namba ya kawaida yana hatari ambayo wengi wameionja: mteja anapokea mzigo, kisha anatuma ujumbe wa M-Pesa kwa 456 akidai alikosea namba, na nyinyi mnaanza kujieleza. Hatari nyingine ni ujumbe wa kughushi unaofanana kabisa na wa kweli. Dawa yake haina ufundi wowote: karani aangalie salio, asisome ujumbe tu, na mzigo usipande matatu mpaka salio limesogea.

Mshindi apewe saa 24 kulipa. Asipolipa, fungu linaenda kwa wa pili kwa dau lake huyo wa pili, naye ana haki ya kukataa. Asiyelipa mara mbili anaondolewa. Kwa mafungu makubwa, asali ndoo kumi au ndengu magunia ishirini, mnunuzi aweke amana kabla ya kuruhusiwa kupandisha dau. Wapo watakaonung'unika, lakini wanunuzi wa kweli wamezoea amana.

Ukitumia jukwaa la watu ambalo linashikilia fedha mpaka mteja athibitishe amepokea, si vibaya. Mteja naye anahitaji kinga. Lakini soma sehemu inayosema zinashikiliwa siku ngapi pale mteja anaponyamaza. Kama haisemi, zitakaa mpaka mtu akumbuke.

Halafu kuna kodi. Kwa sheria ya sasa, biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka inaingia kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3. Wanachama thelathini wanaouza vitu vidogo vidogo kupitia till moja wanaweza kuvuka milioni bila yeyote kati yao kuwa na mauzo ya kutisha. Kwa hiyo daftari lionyeshe mauzo ya kila mwanachama kwa jina na tarehe. Bila daftari hilo, mapato ya watu thelathini yataonekana kuwa ya mtu mmoja tajiri.

Nyota na sifa

Muuzaji mgeni mtandaoni analipwa kidogo kwa kuwa mgeni tu. Paul Resnick na wenzake walifanya jaribio kwenye eBay wakishirikiana na muuzaji wa postikadi za zamani: postikadi zinazolingana ziliuzwa kupitia akaunti yake yenye sifa nzuri, na kupitia akaunti mpya zisizojulikana. Akaunti yenye sifa ilipata karibu asilimia 8 zaidi. Bidhaa zilezile, mtu yuleyule.

Maana yake kwenu ni kwamba wasusi kumi wenye akaunti kumi kila mmoja atalipa faini ya ugeni peke yake. Tumieni akaunti moja ya kikundi. Mwethya, yaani kazi ya pamoja, umelima mashamba na kuchimba mabwawa Ukambani kwa miaka mingi. Sifa ya mtandaoni nayo inaweza kujengwa kwa mikono ya wengi. Shida ni kwamba kiondo kimoja kinachochuja rangi kinawaharibia wote nyota. Kwa hiyo kila bidhaa iwe na alama ndogo ya namba ya aliyeitengeneza, ikaguliwe na watu wawili kabla ya kupigwa picha, na picha zipigwe kwa mwanga wa asubuhi, pamoja na kasoro ikiwa ipo. Kasoro iliyoonyeshwa kwenye picha haimpi mteja sababu ya kurudisha.

Kwenye mnada wenu wenyewe, ruhusuni maoni pande zote mbili. Mwaka 2008 eBay iliwazuia wauzaji kuwapa wanunuzi alama mbaya, kwa sababu wauzaji walikuwa wakilipiza kisasi. Sababu ile ilikuwa na msingi, lakini muuzaji mdogo alibaki bila pa kumsema mteja anayemtishia: nipunguzie au nikupe nyota moja. Kanuni iwe hii: anayetoa maoni awe amelipa na kupokea, na aliyesemwa apewe nafasi ya kujibu chini ya maoni hayo. Msifute maoni mabaya. Jibuni.

Mzigo unaorudi

Mfano wa asali unatosha, kwa sababu ugomvi wake ni mwingi kuliko wa vitu vingine vyote. Asali halisi huganda. Mteja wa Nairobi akiona imeganda anasema mmeweka sukari, anarudisha, na nauli ni juu yenu. Andikeni kwenye tangazo, kwa herufi zinazoonekana: asali hii inaweza kuganda, chemsha maji, yaache yapoe kidogo, weka chupa ndani yake. Pimeni maji yaliyomo kwa kile kifaa kidogo cha mkononi cha kusomea kwa jicho; viwango vya kimataifa vya Codex vinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali ya kawaida, na asali yenye maji mengi huchachuka. Andikeni kipimo, tarehe na eneo ilikorinwa.

Kisha, kila ndoo inapofungwa, toeni chupa ndogo ya sampuli, ifungeni kwa lakiri mbele ya watu wawili, iandikwe namba ya fungu, ikae stoo. Mteja akidai aliletewa kitu kingine, sampuli hiyo ndiyo shahidi. Nauli ya kurudisha ilipwe na aliyekosea: maelezo yakiwa ya kweli, mnunuzi, yakiwa ya uongo, kikundi. Muda wa kulalamika uwe siku tatu baada ya kupokea kwa vyakula, saba kwa vyondo na vinyago. Wachongaji wakumbuke kwamba mti mbichi hupasuka ukifika mahali pakavu. Kinyago kisipigwe picha kabla mti haujakauka.

Ukiuza kwenye jukwaa la watu

Aprili 2022, Etsy, soko kubwa la mtandaoni la kazi za mikono, lilipandisha ada ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6.5. Maelfu ya wauzaji walifunga maduka yao kwa wiki moja kupinga. Ada haikushuka. Jukwaa ambalo lina wateja wako wote, picha zako zote na nyota zako zote linajua huwezi kuondoka. Jilinde mapema: weka orodha yako mwenyewe ya wateja walioridhia kuwasiliana nawe (Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa hiyo), hifadhi picha na maoni nje ya jukwaa, na usiuze zaidi ya nusu ya mali yako mahali pamoja.

Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2019, zikaanza kutumika Julai 2020, zinazoyataka majukwaa kuwapa wauzaji taarifa ya angalau siku 15 kabla ya kubadilisha masharti, kueleza sababu ya kufunga akaunti, na kusema ni vigezo gani vinavyoiweka bidhaa juu au chini katika orodha. Kikundi kinachosaini mkataba na kampuni ya Nairobi kinaweza kudai mambo hayo matatu katika mkataba wenyewe. Wakikataa, angalau umejua unafanya kazi na nani.

Pale kampuni ya mtandaoni inaponunua mali yako na kuiuza yenyewe, una kinga nyingine. Marekebisho ya Sheria ya Ushindani yanakataza mnunuzi mwenye nguvu kumkandamiza msambazaji: kuchelewesha malipo bila sababu, kurudisha mali bila haki, kumsukumia gharama zisizo zake. Desemba 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa makosa ya aina hiyo dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wao muuza asali. Malalamiko yaliyoandikwa, yenye tarehe na risiti, yanasikilizwa. Kwa deni lisilozidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo inakupokea bila wakili na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Zile picha za skrini za makarani wenu ndizo ushahidi mtakaoupeleka.

Sasa neno kwa mwananchi wa kaunti hizi mbili. Viongozi hupenda kuzindua programu za simu, na siku moja Wote au Kitui mjini patatangazwa jukwaa la kuuzia mazao kwa fedha za umma. Katiba inakupa nafasi ya kutoa maoni kabla, na Makueni hasa imejijengea jina kwa vikao vya wananchi vinavyoanzia kijijini. Siku hiyo usiende kupiga makofi. Uliza saa ya mnada inasogea au haisogei. Uliza fedha zinakaa kwenye akaunti ya nani na kwa siku ngapi, ada ni kiasi gani na nani ana mamlaka ya kuipandisha. Uliza kama mkulima anaweza kukataa bei, na kama bei za kila mnada zitatangazwa wazi. Taka majibu yaandikwe katika mkataba wa aliyepewa kazi ya kulijenga jukwaa hilo, tena kabla haujasainiwa.